Sanduku la Jumamosi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine katikati ya hadithi, maana ukumbini tulikuwa wengi na wengi wetu tuna sura za kudhaniwa.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama alinifunza kwa mwiko, na ulimwengu ukanifunza kwa rungu. Nimepasua mawe, nimelala stendi kichwa juu ya kiatu ili kisiibwe, nimefukuzwa kazi na watu ambao hata hawakuwa wameniajiri. Nikadhani nimehitimu. Kumbe lilikuwa limebaki somo la mama mkwe.

Mimi ni fundi rangi wa kiwanda cha nguo. Mistari ya njano sakafuni, maandishi ya kukataza sigara, mishale ya kuonyesha mlango wa dharura, yote mkono wangu. Kazini wananiita Kasuku kwa sababu naiga sauti za watu. Nikimwiga meneja, mlinzi anafungua geti kabla hajatazama. Nikimwiga mlinzi, mbwa wake ananyanyuka. Mtu aliyepigwa na maisha kama mimi ana njia mbili, kulia au kuchekesha, na wanaochekesha huongezewa mchuzi kantini.

Kantini yenyewe ndiyo ukumbi wetu wa mikutano, na ukuta wake mkubwa una picha ya Komredi. Tunamwita hivyo tu, kama vile makomredi wengine hawakuwahi kuwapo. Ndiye aliyeongoza mapinduzi, akawatimua mabwana wenye kiwanda, akatangaza kwamba kila kinachotoa moshi nchini ni mali ya mfanyakazi. Alitawala mpaka akafia kitandani. Chama chake kikamfuata polepole, kama redio inayoishiwa betri. Kiwanda kikafungwa, kikaota kutu na nyasi, mpaka sisi wenyewe tulipounda ushirika na kukifungua tena.

Pale ukutani Komredi ni mrefu kuliko mashine zote. Mkono ameunyoosha mbele, kofia yake kichwani, na nyuma yake wamesimama wafumaji. Wote wana sura za watu, ila upande wa kulia, karibu kabisa na bega lake, pana rundo la pamba. Limechorwa vibaya. Pamba haikai hewani namna ile bila kitu cha kuibeba. Nilikuwa nalicheka kila nikila: nani huyu fundi aliyepewa mshahara kuchora wingu?

Msimu ule paa lilivuja, plasta ikavimba, Komredi akaota tezi shingoni. Ikawa lazima ukuta ukwanguliwe na kupigwa upya. Swali likazaliwa hapo. Tukishaupiga plasta, tumchore tena au tuache ukuta mweupe? Katibu wa ushirika wetu, dada mmoja asiyependa makelele lakini aliyejaaliwa sisi, akaitisha kikao Jumamosi baada ya kazi, wafanyakazi wa sasa na wastaafu pamoja.

Ijumaa jioni mama mkwe akaja nyumbani. Naye alikuwa mfumaji pale kiwandani mpaka macho yalipomchosha. Mama huyu haombi kitu. Ukimkaribisha chakula anasema ameshiba, ukimpa kiti anakaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Siku hiyo alikaa hivyo hivyo ukingoni, mkoba mapajani.

"Baba," akaniambia, "kesho nina neno kwenye kikao. Utaniombea nafasi kwa katibu?"

"Mama, wewe? Nitakuombea na kipaza sauti."

"Kipaza sauti sitaki." Akafungua mkoba, akatoa picha ndogo, ya kupigwa kwa ajili ya kitambulisho. Kijana mwenye masikio makubwa, mdomo umekaa kama anaanza kusema kitu. "Baba mkwe wako. Alikuwa pale ukutani, kulia kwa Komredi, pale penye pamba. Watu wa chama walipokosana naye wakamfunika. Kama ukuta unapigwa upya, naomba arudi mahali pake. Ni hilo tu. Nikishaliona nitalala."

Sikuwa nikijua. Baba mkwe alifariki kabla sijaingia katika nyumba ile, na jibu nililopewa siku zote lilikuwa fupi: aliugua. Mke wangu alikuwa mlangoni, anafuta sahani. Akanitazama kwa namna ya kutaka kusema, kisha akarudi jikoni.

"Mama, ondoa shaka," nikasema nikiitia ile picha kwenye mfuko wa shati. "Nitamchora hadi masikio. Ila plasta italazimika kuongezwa."

Akatabasamu kidogo. Mkwe na mama mkwe hawataniani, najua, lakini mimi mdomo wangu haukupelekwa jandoni.

Sasa niwaeleze sanduku, maana bila sanduku hamtanielewa.

Kuna sanduku la mbao kantini, la zamani, lililokuwa la kubebea bobini za uzi. Kila Jumamosi kabla ya kufunga, aliyeharibu kitu wiki hiyo anapandishwa juu yake. Umekata uzi, umechelewa, umeacha mtambo ukijifuma wenyewe, unapanda. Huko juu unaungama kwa maneno ambayo kila mgeni hufundishwa wiki yake ya kwanza, na lazima uyaseme kwa kigugumizi, la sivyo unarudia: "Ndugu zangu, mi-mi-mimi ni-ni-nimekosa. Mi-mi-mikono yangu ndiyo iliyokosa. Na-na-nawashukuru kwa kunifungua macho." Watu wanapiga makofi, unaimba wimbo wa adhabu, unashuka. Tulilikuta, tukaliendeleza. Hakuna aliyeuliza lilitoka wapi, kama vile usivyouliza kijiko cha nyumbani kilinunuliwa lini. Na katika mchezo huo, niseme bila haya, hakuna aliyenifikia. Nilikuwa naongeza mate, naongeza kope. Wanangu wenyewe wakivunja kikombe walikuwa wanapanda kistuli na kuungama, na mimi nacheka mpaka nasahau kikombe.

Jumamosi ikafika. Kantini ikajaa. Wastaafu wakapewa mstari wa mbele, na mama mkwe akawa katikati yao, mkoba mapajani. Nikamnong'oneza katibu, katibu akaitikia kwa kichwa: atapewa nafasi, vijana wakishapoa.

Vijana hawakupoa. Mekanika wetu ndiye aliyewasha moto.

"Mimi nasema mweupe! Babu yangu alianguka kwenye foleni ya unga, akafa ameshika mfuko mtupu. Komredi huyo hapo shavu kama andazi!"

"Na wewe ulizaliwa wapi?" Huyo alikuwa mpishi wa kantini, mama mtu mzima kuliko wote tuliobaki kazini. "Si zahanati ya kiwanda? Nani aliijenga? Bila yeye kitovu chako kingekatwa kwa kipande cha chupa!"

"Bora chupa kuliko foleni!"

"Mabwana walikuwa wanawapiga wafumaji kwa mikanda ya mashine. Mama yangu alikuwa na alama mgongoni."

"Na Komredi aliwapiga kwa nini, kwa maua?"

"Jamani, mmoja mmoja," katibu akasema. "Tunajadili ukuta."

"Ukuta gani, katibu? Hapa anajadiliwa mtu!"

Wakaanza kusimama. Mwingine akamwita mekanika mtoto wa mabwana, mekanika akavua saa na kuiweka mezani, na mwanamume akivua saa hataki kujua ni saa ngapi. Nami, kwa akili zangu timamu, nikaona hapa pananihitaji. Nilikuwa na neno la mama mkwe la kulinda, nilikuwa na picha mfukoni, na mbele yangu palikuwa na ugomvi. Nikajiambia: wacheke kwanza, wakishacheka watamsikiliza. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga. Mjinga naye ana hesabu zake.

Nikachukua sufuria jikoni, nikaivaa kama kofia. Nikaliburuta sanduku mpaka chini ya ukuta, chini kabisa ya ule mkono ulionyooshwa, nikapanda.

"Ndugu zangu! Msigombane. Mshtakiwa mwenyewe amefika."

Kicheko cha kwanza kikatoka nyuma.

"Ndugu zangu, mi-mi-mimi Ko-ko-komredi, ni-ni-nimekosa. Niliwapa zahanati, nikawapa na magonjwa ya kuipelekea. Niliwapa ka-ka-kalamu, nikabaki na karatasi. Niliwafundisha kusoma, halafu nikaandika mimi peke yangu."

Mekanika akashika tumbo. Katibu akaficha uso kwa daftari la mkutano. Nikaongeza mate, nikaongeza kope.

"Mi-mi-mikono yangu," nikainyoosha kama yake ukutani, ikitetemeka, "mi-mi-mikono yangu ndiyo iliyokosa. Na-na-nawashukuru kwa kunifungua macho!"

Kantini ikapasuka. Watu walipiga meza, wengine walifuta machozi. Na pale mstari wa mbele nikamwona mama mkwe wangu, mwanamke ambaye sikuwahi kumchekesha hata mara moja, anapiga makofi. Polepole, mikono imenyooka, macho kwangu. Kifua kikanijaa. Nikamkonyeza.

Nilimkonyeza, jamani. Mama mkwe.

Mtu mmoja tu hakucheka, na nilimwona, ila nilimwona kama unavyomwona nzi. Mpishi alikuwa amegeuka, anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Haya, tumepoa," katibu akasema. "Mama yetu hapa ana neno. Karibu, mama."

Mama mkwe akasimama. Akautia mkoba wake begani.

"Sina neno, mwanangu," akasema. "Limeshasemwa."

Akatoka kwa mlango wa pembeni, ule niliouchorea mshale mimi mwenyewe. Nami nikadhani nimesifiwa. Nikadhani amefurahi mpaka ameona aibu kuomba mbele za watu, na kwamba nitalimaliza kwa mlango wa nyuma.

"Mwacheni mzee wa watu ukutani, kashaungama!" mtu akapiga kelele, na kwa kicheko kilekile mikono ikanyanyuka, hata wa mekanika. Katibu akaandika uamuzi, akausoma kwa sauti: ukuta upigwe plasta, picha irudishwe vilevile ilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza. Fundi rangi asimamie.

Nikawapungia sufuria.

Niliporudi nyumbani nilikuwa bado naimba. Nikaanza kumsimulia mke wangu, naye alikuwa anakata vitunguu na hakuinua kichwa. Nikafika penye makofi ya mama yake. Hapo kisu kikasimama.

"Ulifanya kile kigugumizi?"

"Nilikifanya kuliko siku zote! Mama mwenyewe..."

"Mbele ya mama?"

Binti yetu mdogo akadhani tunacheza. Akaruka juu ya kistuli, mikono mbele: "Ndugu zangu, mi-mi-mimi..."

"Shuka!" Sijawahi kumsikia mke wangu akitoa sauti ile. Mtoto akashuka, akakimbilia nje. Mke wangu akafuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Ile sauti ni ya baba yangu," akasema.

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, kwa mazoea, kama mguu unavyoruka ukigongwa goti.

"Ni ya baba. Ndiye mtu wa kwanza kupandishwa pale. Maneno hayo aliandikiwa, akayasoma mbele ya kiwanda kizima, na yakarushwa redioni ili na viwanda vingine visikie. Watoto mtaani wakaanza kumwiga. Alikuwa akipita, wanamfuata nyuma, mi-mi-mimi. Alipofariki, mchezo ukabaki."

"Na wewe... miaka yote hii..."

"Nilikuwa natoka chumbani. Hukuona nikitoka?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani ana kitu jikoni. Mwanamke anatoka chumbani kila ukichekesha, nawe unadhani ana sufuria motoni miaka yote hiyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliifanya siku ya harusi yetu. Mbele ya wageni. Nilitaka kukuambia usiku uleule, mama akanikataza. Alisema, mwanaume wako ndiye aliyeleta kicheko katika nyumba hii, ukimwambia atanyamaza, na mimi sitaki mwanaume mwingine wa kunyamaza. Jana nilitaka kukuambia mlangoni pale. Nikajisemea, hapana, leo kashika picha ya baba, hatathubutu."

Nikagusa mfuko wa shati. Picha ilikuwa palepale. Ilikuwa imepanda nami juu ya sanduku.

Jumapili asubuhi nikaenda. Mama mkwe anakaa katika zile nyumba za wafanyakazi alizojenga Komredi, ngazi za saruji, maji ya bomba, dirisha linalotazama kiwanda. Niligonga kwa kidole kimoja. Mimi, ambaye mlango wa mtu huwa naugonga kwa wimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, mlango haujakukosea kitu."

Alikuwa anapiga pasi. Akanionyesha kiti, akaendelea. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njiani, yote yakaniruka. Nikasema tu, "Mama, nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua."

"Ulipiga makofi. Nikadhani..."

Akaisimamisha pasi.

"Siku mume wangu alipopandishwa, waliniweka mstari wa mbele. Nikaambiwa akimaliza nipige makofi, na nipige yakasikika. Nilipiga. Alinitazama nikipiga. Hatukuwahi kulizungumza, mimi na yeye, mpaka anakufa. Jana ulipomaliza, mikono ilipiga yenyewe. Haikuniuliza."

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na rangi ya njano.

"Hakuwa na kigugumizi," akasema. "Ulijua hilo? Alikuwa na mdomo kama wako, utani mtupu. Alisema kantini kwamba pamba iliyoletwa imeoza, na kwamba nguo zinazotangazwa redioni labda zinafumwa na redio yenyewe. Watu wakacheka sana. Walimchukua akisema vizuri, wakamrudisha akisema vile."

"Basi leo hii namkwangua," nikasema. Nilikuwa nimesimama. "Nina patasi, nina funguo za kantini. Komredi gani huyo! Kesho wakija wakute ukuta mtupu."

"Kaa."

Nikakaa.

"Usimkwangue. Mimi nilikuwa naweka dole gumba kila penye kusaini. Herufi nilizipata pale pale kantini, jioni, baada ya kazi, chini ya picha ile. Yeye ndiye aliyeamuru tusome, tena na sisi wanawake, na mabwana waliokuwapo kabla yake wangetucheka. Barua ya hospitali ilipokuja kuniambia mume wangu hayupo tena, niliisoma mwenyewe. Hakunisomea mtu, hakuna jirani aliyejua kabla yangu. Sasa wewe niambie, nimshukuru au nimlaani?"

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui, na nimekaa nalo kuliko wewe. Ndiyo maana nilitaka wote wawili wawe ukutani. Komredi na mkono wake, mume wangu na masikio yake. Anayekula pale awatazame, ajijibu mwenyewe."

"Watakuwa. Nitamchora tu, nani atanizuia? Nitasema pamba imeliwa na unyevu."

"Kwa siri?" Akachukua shati jingine, akalitandaza. "Alifunikwa kwa siri. Kurudi hatarudi hivyo. Katibu ameandika, vilevile ilivyokuwa. Mlinyanyua mikono."

Hiyo "mlinyanyua" ilinipata sawasawa. Maana kazi ya kuichora tena ile pamba, wingu lile baya, juu ya uso wa baba mkwe, nimepewa mimi. Jana nilikuwa nimeishangilia kwa sufuria.

"Nitaomba kikao kingine," nikasema, na maneno yakaanza kunijia kwa wingi, kama yanavyomjia mtu anayezama. "Nitasimama mbele yao wote. Nitawaambia lile sanduku ni la nani, lilianzaje. Wajue Komredi alitufanya nini. Sisi tulirithi mchezo tu, mama, tungejuaje? Yeye ndiye aliyetufundisha kucheka vile..."

"Nipe picha yangu," akasema.

Nikaitoa mfukoni. Ilikuwa na alama ya jasho upande mmoja. Akaipangusa kwa upindo wa khanga yake, akaitazama, akaiweka juu ya shati alilokuwa amemaliza kulinyoosha.

"Mama, mimi nakubali nilikosea. Lakini haki isemwe. Mwenye kosa ni Komredi. Komredi ndiye aliyempandisha baba juu ya sanduku lile."

"Mara moja," akasema mama mkwe wangu, na akaishika pasi. "Komredi alimpandisha mara moja. Nyinyi mmempandisha kila Jumamosi."